Mstari wa Rangi ya Kucha

Jumatatu, 8 Juni

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja. Mwaka jana mume wangu alipoangukiwa na sanduku la viazi pale ghalani, kila mtu alimsemea. Msimamizi alisema, wapakizi walisema, hata mchemsha chai ambaye siku ile hakuja kazini alisema. Mwenyewe alikuwa hajitambui, na alipozinduka alikuta hadithi imeshapikwa ikaiva: dereva kazembea. Sasa trekta lile lile naliendesha mimi. Likinipata la kunipata, angalau maneno yangu yatakuwepo, tena kwa mwandiko wangu.

Leo ndiyo siku ya kwanza ya mavuno. Masanduku sitini na mawili, yote safu ya chini. Mgongo unauma lakini simwambii mtu.

Jumanne, 9 Juni

Niseme kazi ilivyo, ili hata asiyejua mbele ya trekta wala nyuma yake aelewe. Trekta letu lina mikono miwili ya chuma mbele, na mwisho wa mikono kuna meno mawili marefu. Meno yanaingia chini ya sanduku la mbao lenye nusu tani ya viazi, unalinyanyua, unaliweka juu ya jingine. Shida ni moja. Mikono ikipanda, meno hayabaki yamelala. Ncha zake zinainuka kadiri mikono inavyokwenda juu, na wewe dereva unazirudisha kwa wenzo, kidogo kidogo, huku unapandisha. Ukiziacha zimeinuka, ukishaliweka sanduku na kurudi nyuma meno yananasa kwenye mbao na kulivuta. Sanduku linakufuata. Na trekta hili halina kibanda, juu ya kichwa changu kuna vyuma viwili na hewa.

Safu ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, meno unayaona kwa macho. Ya nne huyaoni. Ni safu ya nne iliyomvunja mume wangu nyonga.

Kwa ajili ya hiyo safu ya nne alibuni kitu. Alifunga bati dogo ubavuni mwa meno, na kwenye bati akaning'iniza nati kubwa kwa waya. Meno yakiinama au kuinuka, nati inahama. Nati ikisimama juu ya mstari mwekundu, ujue meno yamelala sawa. Mstari niliuchora mimi kwa rangi yangu ya kucha, siku nilipokuwa naliosha trekta. Yeye alitaka tulipeleke ghalani kwanza. Nikamwambia mimi nina matope hadi magotini, laza meno hapa hapa nichore, sakafu ni sakafu. Akacheka, akayalaza chini, nati ikatulia, nikachora. Ndicho kitu changu pekee kwenye lichuma lile, na nikikiona moyo unatulia.

Sasa jamani. Mtu kachorewa mstari mwekundu unaoonekana toka getini, siku ya tatu tu anaangukiwa. Alikuwa anaangalia wapi?

Ijumaa, 12 Juni

Masanduku sabini. Safu ya pili imeanza.

Anayenielekeza ni Kengele. Jina lake la kweli nimelisahau, na nadhani hata yeye. Anasimama ubavuni ambako anaona nisichokiona. Kiganja juu ni pandisha, kiganja chini ni teremsha, ngumi ni simama. Tumekubaliana kwamba ngumi yake ni amri, hata msimamizi akipiga kelele namna gani. Msimamizi naye kelele ndiyo kazi aliyosomea.

Jumamosi, 13 Juni

Nusu siku. Nimerudi nimemkuta mume wangu mlangoni, magongo yamelala miguuni, anachambua mbegu. Zamani walimwita Taratibu kwa vile alivyoendesha, ungeweza kuweka kikombe cha chai juu ya boneti kisimwagike. Jina limebaki, sasa watu wanalisema huku wanatabasamu. Eti Taratibu naye siku hiyo kaharakisha.

Akaniuliza, "Nati imesimama wapi leo?"

"Safu ya pili hii. Nati naitakia nini?"

"Vizuri. Usiiangalie nati. Angalia sanduku."

"Wewe uliangalia nini?"

Akaendelea kuchambua mbegu, nzuri huku, mbovu kule. Nilijua nimemchoma na sikuomba radhi, maana hasira yangu ilikuwa ya kweli. Mwanamume wa taratibu miaka ishirini, akazembea mara moja, na hiyo mara moja ndiyo tunayoilalia kila siku.

Jumatano, 17 Juni

Masanduku sitini na tano. Wingu limejikusanya juu ya mashamba, halikunyesha.

Ijumaa, 19 Juni

Kaka yangu ndiye fundi wa karakana. Leo kapima mipira ya mafuta na mabomba yote ya mikono, kasema ni mazima. Kisha akabaki amesimama anapangusa bisibisi iliyokwisha kuwa safi.

"Dada, safu ya nne waambie hutaki."

"Kwa nini?"

"Waambie tu."

"Niwaambie sitaki ili waseme nyumba nzima ile ni ya waoga na wazembe?"

Akakuna kichwa akaondoka. Kaka yangu akikuna kichwa ujue ana neno na halitoki. Tangu utotoni, kioo kikivunjika yeye anajikuna.

Jumatatu, 22 Juni

"Nati imesimama wapi leo?"

"Safu ya tatu. Naona kwa macho."

"Vizuri."

Kila siku swali hilo hilo, kabla hata sijavua viatu. Nimechoka nalo.

Jumatano, 24 Juni

Msimamizi katukusanya. Mvua inatangulia mwaka huu, ghala jipya halijaisha, mwashi bado anapandisha ukuta wa nyuma. Kwa hiyo ghala la zamani litabeba safu nne, kuanzia Jumatatu. Viazi vikinyeshewa shambani vimekwenda.

Akaniangalia. "Utaweza, mama? Hatutaki ya mwaka jana."

Wote wakageuka. Nikamjibu, "Mwaka jana mstari ulikuwepo. Tatizo halikuwa mstari." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Njiani kurudi nyumbani nikajisikia vibaya. Nimemcheka mume wangu mbele ya watu ili nionekane dereva.

Jumamosi, 27 Juni

Kimenuka. Asubuhi nimekwenda kupaka grisi, nikatupa jicho kwenye bati. Mstari haupo. Umefutwa, bati linang'aa na linanuka petroli.

Petroli na matambara anayo mtu mmoja. Nikamfuata karakana.

"Nani kafuta mstari wangu?"

"Mimi."

Hata hakujaribu kukana. Nikamuuliza kwa nini, akajikuna kichwa. Nikamuuliza nani kamtuma, akasema, "Dada, we endesha kwa macho na kwa mkono wa Kengele. Basi." Nikamwambia Jumatatu napanda safu ya nne na wewe ndugu yangu wa tumbo moja unanifutia macho yangu? Kama unaona aibu dada yako kuendesha trekta, sema. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nikamwambia asikanyage kwangu.

Rangi ninayo ile ile, kichupa kile kile, imebaki chini kabisa. Kutu ilikuwa imeacha alama nyembamba pale mstari ulipokaa mwaka mzima. Nikapaka juu yake, nikapuliza hadi ikakauka.

Nimemsimulia mume wangu. Alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini polepole.

"Umeupaka wapi?"

"Pale pale. Unywele haupiti."

"Pale pale?"

"Kwani mimi kipofu?"

Akaomba magongo yake, akaenda kusimama mlangoni akiangalia nje, na nje hakukuwa na kitu. Nilidhani nyonga inamuuma.

Jumatatu, 29 Juni

Safu ya nne.

Sanduku la kwanza nimelipandisha, macho kwenye nati, nati juu ya mstari, Kengele kiganja chini, nikalishusha, likakaa. Nikarudi nyuma. Likanifuata upana wa kiganja kizima kisha likaachia. Sauti ya mbao ikikwaruza chuma niliisikia kwenye meno yangu mwenyewe.

Kengele akasema labda mbao ina msumari. Nikasema labda.

La pili halikufuata. La tatu lilifuata kidogo. Nimeweka sita, kisha nikamwambia msimamizi trekta limechemka. Halikuwa limechemka.

Jumanne, 30 Juni

Masanduku manane juu. Mawili yamefuata. Nati iko juu ya mstari, naapa.

Jumatano, 1 Julai

Tisa. Matatu yamefuata. La mwisho lilitoka vidole vinne nje ya safu na liko hivyo hadi sasa, msimamizi kasema liacheni. Kila ninapopita chini yake naona shingo inaingia mabegani yenyewe.

Nimefikiri labda ni mabomba, kaka yangu kaniharibia. Nimeyachunguza mwenyewe. Hayavuji hata tone.

Alhamisi, 2 Julai

Tumegombana na mume wangu, tena kwa sauti, majirani wamesikia.

Alianza na swali lake. Nikamwambia nati imesimama juu ya mstari na masanduku yananifuata, kama unajua kitu niambie. Akasema, "Acha kazi hiyo."

"Niache? Tule nini, mbegu zako?"

"Tutakula tulichonacho. Acha."

"Sema ukweli. Unaona uchungu mimi kukaa kwenye kiti chako."

Angenitukana ningeelewa. Akasema taratibu kama kawaida yake, "Haya. Kama lazima, basi usiangalie nati. Kabla hujarudi nyuma, muulize Kengele kama anaona mwanga chini ya sanduku. Akiona mwanga, usirudi. Inamisha ncha mpaka mwanga uzime."

"Yaani niitoe nati mstarini?"

"Sanduku, siyo nati."

Na hapo ndipo nikasema neno ambalo nikilikumbuka sasa natamani ulimi ungenikauka. Nikamwambia, "Mimi siyo wewe. Mimi nauangalia mstari."

Akasema, "Najua."

Ijumaa, 3 Julai

Saba. Mawili. Hatujasemeshana.

Jumamosi, 4 Julai

Mwashi kaniomba nimbebee matofali kwa trekta. Yeye naye ni mtu wa maneno, kaniuliza kwa nini siku hizi nakunja uso kama mtu aliyetafuna kidonge. Nimemwambia ndivyo uso wangu ulivyo. Jioni ngurumo, mvua hakuna.

Jumatatu, 6 Julai

Lazima niandike leo leo, kabla watu hawajanisemea.

Mvua ilianza alfajiri. Matrela yakaja kwa pamoja, kila mtu mbio, sakafu ya mlangoni tope tupu. Msimamizi alikuwa ndani ya ghala anatembea huku na huku, twende, twende. Masanduku manne ya juu yakaenda salama. La tano nikalipandisha. Nati ikayumba, nikasubiri, ikatulia juu ya mstari. Kiganja cha Kengele chini. Nikashusha, nikasikia limekaa. Nikarudi nyuma nusu hatua.

Likaja.

Safari hii halikukwaruza likaachia. Lilikuja lote, kimya, kwa sababu mbao zilikuwa na maji. Nikaona ngumi ya Kengele, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lilikuwa limetoka karibu nusu. Niliona chini yake, mbao tatu zenye matope, na katikati ya mbao viazi. Kimoja kikaanguka kwenye boneti. Kingine kikaangukia mapajani mwangu na kubaki hapo.

Na nati ilikuwa juu ya mstari. Nilikuwa bado naiangalia. Imetulia pale kama mtoto aliyevunja chungu na anajua hakuna aliyemwona.

Msimamizi akapiga kelele, "Rudi nyuma utoke!"

Kengele akapiga zaidi, "Usirudi! Usiguse!"

Mwili wangu wote ulitaka kuruka. Lakini nikiruka breki inaachia, trekta linarudi, sanduku linashuka, na Kengele yuko mita mbili. Akilini nikamwona mume wangu akichambua mbegu. Nzuri huku, mbovu kule. Usiangalie nati.

Nikamuuliza Kengele, na sauti iliyotoka haikuwa yangu, "Unaona mwanga chini ya sanduku?"

Akainama. "Naona. Huko mbele naona mpaka ukutani."

Nikashika wenzo. Kila kitu ndani yangu kilikataa, maana nati ilianza kuuacha mstari, na mimi kwa mkono wangu ndiye niliyekuwa naiondoa. Ncha zikainama kidogo.

"Mwanga?"

"Upo."

Kidogo tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikamwomba aseme kwa nguvu.

"Mwanga?"

"Unapungua."

"Mwanga?"

"Mwembamba. Mwembamba. Umezima."

Nati ilikuwa imeuvuka mstari kwa kidole kizima. Nikanyanyua sanduku unyoya tu, nikasogea mbele, likaingia mahali pake kama droo. Nikashusha. Nikarudi nyuma, na meno yakatoka bila kugusa chochote, kama unavyochomoa kisu kwenye siagi.

Nikazima injini. Kengele akaja akanishika mguu, akabaki ameushika. Msimamizi akasema tuendelee. Kengele akamgeukia akamwambia aendelee yeye, kiti kile pale.

Nyumbani sikusema. Mume wangu aliniuliza swali lake nikamjibu, "Kesho." Kiazi kilichoniangukia kiko mfukoni mwa koti hadi sasa.

Jumanne, 7 Julai

Nimekwenda mapema kabla ya wapakizi. Mwashi alikuwa ameshafika. Nikamwomba pimamaji yake, ule ubao wa chuma wenye kichupa katikati na tone la hewa ndani. Tone likikaa katikati, kitu kimelala sawa.

Nikaingiza trekta ghalani, nikaweka nati juu ya mstari, sawasawa, unywele haupiti. Nikalaza pimamaji juu ya jino.

Tone likakimbilia mwisho.

Mwashi akapiga mluzi. "Meno haya yanatazama dari, mama. Nani kakuchorea mstari huu?"

"Mimi."

"Ulichorea wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kule nje, sehemu ya kuoshea. Akacheka kabisa, akashika ukuta.

"Mama wewe, ile sakafu nimeimwaga mimi kwa mikono hii. Nimeiinamisha makusudi. Isingeinama, maji yako ya kuoshea yangekwenda wapi?"

Aliendelea kusema kitu, sikusikia. Nilichukua pimamaji yake bila kumwomba, nikatoka hadi kule, nikailaza chini pale pale ambapo meno yalilala siku ile, trekta likiwa limetazama juu na mfereji ukiwa nyuma yake. Tone likakimbilia mwisho ule ule, likasimama penye alama ile ile. Nikageuza ubao, nikaujaribu tena. Nikamwaga maji ya ndoo. Yakateremka mferejini bila kusita, kama yalivyoteremka mbele ya macho yangu miaka yote niliyosimama pale na brashi.

Sakafu ni sakafu.

Nilikaa chini penye maji. Hakuzembea. Aliuangalia mstari. Aliuangalia kwa uaminifu kuliko mtu yeyote, kwa sababu ulichorwa na mke wake.

*

Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi, nguo zimelowa. Alikuwa mahali pake. Aliponiona tu akajua, akasukuma ungo wa mbegu pembeni.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Hospitali. Wiki ya pili. Nimelala chali siku nzima sina cha kutazama ila dari, nikawa nairudia kazi moja moja. Nikafika siku ya kuosha. Nikajiuliza, maji yale yalikuwa yanakwenda wapi? Nikajijibu."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini? Nyonga ilishakwenda. Nikuongezee na wewe?"

"Wakakuita mzembe."

"Wameniita mengi."

"Mimi nimekuita mzembe. Nimekucheka mbele ya watu."

"Nilisikia."

Nililia, sikatai. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi. Nikamtolea kiazi mfukoni nikakiweka juu ya goti lake. Nikamwambia hiki kilitangulia, kikubwa kilikuwa kinafuata. Ungeniua kwa huruma yako. Umenitazama nikipanda pale siku nane na mstari wa uongo, ili nisijue tu! Nani kakwambia mimi ni yai?

Akakigeuza kile kiazi mkononi. "Nilimtuma shemeji aufute. Nikamwapisha asikwambie. Nikasema ukifutwa, yamekwisha. Sikujua utaupaka tena, tena pale pale." Midomo ikamcheza. "Nilisahau nimemuoa nani."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Tangu Jumatatu ile ya safu ya nne nilihesabu matrela kwa sauti zake, nikisubiri moja lisiondoke. Kila siku. Kila ulipoingia mlangoni nikasema leo nitamwambia, halafu nikakuona unavua viatu, nikauliza nati."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sikumwambia. Nilikaa chini karibu naye tukachambua mbegu hadi zikaisha, na bega lake lilikuwa kwenye bega langu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Jumatano, 8 Julai

Kabla ya kazi, wote wakiwa wamekusanyika, nilipanda kwenye ngazi ya trekta. Nilisema hivi, na naandika kama nilivyosema:

"Mwaka jana Taratibu hakuzembea. Aliangalia mstari na mstari ulikuwa mbovu. Mstari niliuchora mimi, kwenye sakafu iliyoinama, yeye akitaka tuchoree ghalani. Mnaotaka kumcheka mtu, nipo."

Hakuna aliyecheka. Msimamizi akaanza kusema kwamba taarifa ya ajali ilishaandikwa. Kengele akamwambia, "Iandikwe upya," kwa sauti yake ile ya kengele, na msimamizi akaenda kutafuta kalamu.

Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Nilimfuata nikamwambia aje kwangu Jumapili. Akajikuna kichwa. Nikamwambia sasa unajikunia nini, yameshatoka yote.

Safu ya nne nimekataa hadi nati ipatiwe mahali pake. Mvua imenyesha siku nzima. Nimepanga safu tatu nje chini ya turubai, msimamizi hakutia neno.

Jumamosi, 11 Julai

Mvua imeacha. Kaka yangu kamleta mume wangu kwa pikipiki, magongo yamefungwa mgongoni. Hajakanyaga ghalani tangu siku ile. Aliingia polepole, akatazama juu safu ya nne, lile sanduku lililotoka vidole vinne, akatazama chini. Wapakizi walivua kofia kama wamefiwa, hadi akawaambia zivaeni, mtapata mafua.

Mwashi alipima sakafu ya ghala kwanza, kila upande. Nikalaza meno. Akaweka pimamaji juu ya jino, nikasogeza wenzo hadi tone likasimama katikati kabisa. Nati ikayumba, ikatulia, kidole kizima kutoka kwenye mstari wangu.

Kaka akaufuta ule wa zamani kwa petroli. Nikatoa kichupa mfukoni, kimebaki na matone mawili, nikampa mume wangu.

"Chora wewe," nikamwambia.

Hakukipokea. Mikono yake ilikuwa kwenye magongo.

"Sitaki," nikasema. "Mkono wangu si wa kuaminiwa."

"Nimewahi kuendesha kwa mstari wako siku tatu," akasema. "Nitakaa kwenye kiti kile nikipona, na nitataka kuona rangi yako. Chora."

Nikachora. Huko juu mstari umepinda kidogo, lakini uko mahali pake. Akainama akaupuliza hadi ukakauka.